Leo Ni Salama

Jumatatu, 3 Juni

Kuanzia leo mimi ndiye mtu wa jalidi. Mkutano wa chama cha bustani umenichagua bila kura. Mwenyekiti aliuliza nani ana mwandiko mzuri na haendi baa, na watu wote wakageuka wakanitazama.

Mwaka jana tulitegemea utabiri wa redioni. Ulikuwa wa kweli kwa watu wa mjini, lakini siyo kwetu bondeni. Baridi hutelemka kama maji na kutuama kwenye shimo. Wa juu akiamka anakuta umande tu. Wa chini anakuta jalidi, yaani umande ulioganda, mweupe kama chumvi, na jua likiupiga, majani yanakuwa meusi kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto.

Chama kimenunua kipimajoto chenye alama inayobaki pale baridi ya usiku ilipofika. Tumekifunga kwenye nguzo katika bustani ya Shangazi, kwa kuwa ndiyo iliyo chini kuliko zote. Kanuni niliyojiwekea ni hii: jua likizama nakisoma. Kikiwa chini ya nyuzi sita, anga haina wingu na upepo umelala, natuma ujumbe kwa wote: "Funikeni leo." Shangazi macho yake yameingia ukungu, hasomi ujumbe. Yeye nitamwambia kwa mdomo, dirishani kwake, kwa kuwa niko pale pale.

Jumapili, 9 Juni

Tahadhari ya kwanza. Nilimgongea Shangazi dirisha.

"Shangazi, leo funika."

"Nani kasema?"

"Kipimo."

"Kipimo kina mdomo?"

"Mimi ndiye mdomo wake."

"Basi piga mswaki, maana mwaka huu utaongea sana."

Jalidi lilianguka, jepesi. Hakuna aliyepoteza kitu. Watu wameanza kuniita Redio.

Jumatano, 12 Juni

Wingu zito. Hakuna la kuandika.

Ijumaa, 14 Juni

Jana jioni kipimo kilisema saba na wingu lilikuwepo. Sikutuma chochote. Kumbe wingu liliondoka watu wakiwa wamelala. Asubuhi mistari yote ya maharage ya fundi cherehani, jirani wa Shangazi, ilikuwa imelala chini kama nguo zilizoanguka kutoka kwenye kamba.

Alinikuta pale kwenye nguzo. Hakupandisha sauti, na ndivyo ilivyoniuma zaidi.

"Redio, jana mlikuwa mnapiga muziki?"

Nilimweleza habari ya wingu. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza wingu hilo linapatikana wapi akalidai.

Nimebadilisha kanuni. Kuanzia leo siyo sita, ni nane, na wingu wala upepo sivihesabu. Hakuna atakayeniuliza swali kama lile tena.

Jumapili, 16 Juni

Nimetahadharisha. Halikuanguka.

Jumatatu, 17 Juni

Nimetahadharisha. Halikuanguka.

Jumatano, 19 Juni

Nimetahadharisha. Upepo ulivuma mpaka asubuhi. Mke wangu ameniuliza kama jalidi huanguka kwenye upepo. Nimemwambia afadhali wafunike bure kuliko waungue. Akasema, "Afadhali kwa nani?" Nikadhani anatania.

Alhamisi, 20 Juni

Nimetahadharisha. Halikuanguka.

Jumamosi, 22 Juni

Dukani kwa muuza miche walikuwa wanacheka nilipoingia. Fundi cherehani alisema, "Siku hizi Redio akisema funika, mimi navua koti." Muuza miche akasema yeye huogopa siku nisiposema kitu. Nilicheka nao. Ukweli ni kwamba nilifurahi kidogo. Wanaweza kunicheka, lakini hakuna anayeweza kunilaumu. Nimeona pia kwamba wengi wao hawafuniki tena, ila kwa jalidi hilo ambalo haliji, haidhuru.

Jumanne, 25 Juni

Jana nilitahadharisha tena. Leo nilikwenda alfajiri kusoma kipimo, kabla Shangazi hajafunua. Nilikuwa najua anafunika. Ni mmoja kati ya wachache wanaonisikiliza kila siku. Sikuwahi kujiuliza anafunika kwa kitu gani.

Tuta la kwanza la nyanya: magunia. La pili: magunia na shuka la maua lililokuwa kitandani kwake tangu nikiwa mtoto. La tatu: pazia la chumbani. La nne, lililo refu kuliko yote: blanketi lake, lile zito la kahawia, limebanwa kwa mawe pembeni. Na kwenye mche wa mwisho, koti.

Alitoka akiwa amejifunga kanga mbili.

"Shangazi, umelala na nini?"

"Nimelala na mifupa yangu. Tumezoeana."

"Kila siku unafanya hivi?"

"Kila siku unaposema. Si wewe ndiye mdomo wa kipimo?"

Nikamwambia nitamletea turubai. Akasema turubai likigusa majani linayaunguza vile vile, blanketi ndilo linalopumua. Ni kweli, mimi mwenyewe nilimfundisha.

Nilipaswa kumwambia pale pale kwamba zile tahadhari nyingi zilikuwa za kujikinga mimi. Nilimsaidia kukunja blanketi. Lilikuwa limelowa umande, zito kama mtoto aliyelala.

Jumatano, 26 Juni

Kipimo saba, upepo upo. Nilitaka kunyamaza. Nikaona fundi cherehani amesimama uani kwake ananitazama. Nimetahadharisha.

Halikuanguka.

Jumanne, 2 Julai

Shangazi anakohoa. Anasema ni vumbi.

Ijumaa, 5 Julai

Siyo vumbi. Nimempeleka zahanati kwa pikipiki, mke wangu nyuma akimshika. Ni nimonia. Nesi alimsikiliza kifua mbele, akamsikiliza nyuma, kisha akanitoa nje.

"Bibi huyu analala wapi?"

"Nyumbani kwake. Ana kitanda kizuri."

"Kitanda nimekielewa. Analala na nini? Ameniambia nyanya zake zinalala vizuri kuliko yeye. Nikadhani ni homa inayoongea."

Nikaanza kuuliza habari ya dawa.

"Kaka, nisikilize. Mapafu yake safari hii yatapona. Akirudia kulala kwenye baridi namna hiyo, usimlete hapa ukiniuliza imekuwaje. Nani alimwambia afunike kila siku?"

Nikasema, "Anaipenda sana bustani yake."

Hilo ndilo jibu nililotoa. Naliandika kama lilivyotoka.

Jumapili, 7 Julai

Amelazwa. Nimemwagilia nyanya zake. Nimerudisha kanuni ya sita, yenye wingu na upepo, kama mwanzo. Hakuna aliyegundua.

Jumamosi, 13 Julai

Shangazi ametoka. Amekonda, mkono wake ukiushika unasikia kila kitu kilichomo. Mke wangu alimwomba aje akae kwetu mpaka baridi iishe.

"Nikija sitaondoka," Shangazi alisema. "Nazijua habari hizi. Wiki moja, halafu mwezi, halafu mnauza kitanda changu. Siku nitakapokosa cha kupeleka sokoni, hapo nitakuja, na wewe mama utanihesabia vijiko. Sasa hivi nina nyanya."

Mke wangu alicheka. Mimi nilimtazama Shangazi na kuona kwamba hatanii. Ndiye aliyenilea mama alipofariki, na sijapata kumwona akiomba hata chumvi kwa mtu.

Jumanne, 16 Julai

Jana kipimo kilisema tano, nikatahadharisha. Shangazi nilimpelekea blanketi letu la ziada, nikampa onyo la nesi, neno kwa neno. Alitikisa kichwa kama mtu anayekubali. Leo asubuhi blanketi letu liko kwenye tuta la tano, lile ambalo halikuwa na kitu.

"Nyanya zinakushukuru," alisema, akaanza kukohoa kabla hajamaliza kucheka.

Sasa nimeelewa. Hata nikimpa mablanketi ya bonde zima, ana matuta ya kuyapokea.

Ijumaa, 19 Julai

Kipimo tisa. Sikutuma. Nililala vizuri.

Jumatano, 24 Julai

Naandika jioni hii hii, mkono ukiwa bado na baridi.

Nilipofika kwenye nguzo jua lilikuwa linagusa ukingo wa mlima. Kipimo kilikuwa kinasoma mbili. Sijawahi kuona mbili kabla ya giza. Anga ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa, hakuna jani lililotikisika, na moshi wa jikoni kwa fundi cherehani ulikuwa umesimama wima. Hili halikuwa la kubahatisha. Nilituma ujumbe pale pale: "Leo hakika. Funikeni kila kitu. Siyo kama zile nyingine." Nikawapigia wenye kiburi mmoja mmoja. Fundi cherehani nikamwambia kwenye ua. Akanitazama usoni, akaacha utani, akaenda kutafuta magunia.

Alipokuwa anaingia ndani nilimwita tena. Nikamwambia asimsumbue Shangazi, amelala, nitamshughulikia mimi.

Halafu dirisha likafunguka. Hakuwa amelala.

"Leo inasemaje?"

Alikuwa na blanketi mabegani. Sauti yake ilikuwa na mkwaruzo ule wa zahanati. Nikaona jinsi itakavyokuwa: atatoka na hilo blanketi, atainama tuta baada ya tuta gizani, kisha atarudi ndani kwenye kitanda kitupu.

"Leo ni salama, Shangazi. Lala."

"Salama? Mbona pua yangu inasema vingine?"

"Pua yako imetoka kuumwa."

Akacheka. Akafunga dirisha.

Nilipopanda nyumbani nilikuwa najiambia nimefanya jambo jema. Nikafika. Mke wangu alikuwa ameshatoa mashuka yetu yote, na magunia, na mapazia, na nikawaza: haya yangetosha matuta matano ya Shangazi. Naandika hili kwa sababu niliwaza wazi kabisa, siyo kwamba lilinipita. Nilisimama na shuka mkononi nikatazama chini bondeni, halafu nikatazama maharage yangu, yenye maua tayari.

Nimefunika maharage yangu.

Alhamisi, 25 Julai

Bonde lote lilikuwa jeupe. Lakini chini ya magunia kila kitu kizima. Tangu asubuhi simu haijanyamaza. Mwenyekiti amesema nitapewa barua ya shukrani. Muuza miche amenipigia kusema nisamehe vicheko. Fundi cherehani alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Shangazi alikuwa amesimama katikati ya matuta yake. Nyanya zilikuwa zimelainika, zinaning'inia kama vitambaa vya kushikia sufuria. Alikuwa akizishika moja moja, akiziachia.

"Kipimo kilikosea?" aliniuliza.

Alinifungulia mlango wa uongo mwenyewe. Na mimi nikapita.

"Kilikosea, Shangazi."

"Basi usijilaumu, mwanangu. Chombo ni chombo."

Akanipigapiga mgongoni. Ndiye aliyekuwa ananifariji.

Ijumaa, 26 Julai

Sikuandika ujumbe wowote. Sikula mchana.

Jumapili, 28 Julai

Ameniita. Nilimkuta amekaa kitandani, miguu imefunikwa vizuri. Fundi cherehani alikuwa amepita kumpa pole. Kwa nia njema kabisa alimwuliza ilikuwaje akashindwa kufunika, na Redio alitangaza siku ile kuliko siku zote.

"Kaa," Shangazi aliniambia.

Nikakaa.

"Kipimo kilisema ngapi?"

"Mbili."

"Ukaniambia salama."

"Nesi alisema ukilala tena bila blanketi..."

"Nesi alisema na mimi pia. Nina masikio. Macho ndiyo mabovu." Akavuta pumzi. "Ulidhani sijui hesabu hiyo? Kila siku naifanya. Baridi hii naiweza, baridi hii siiwezi. Siku ile labda ningesema siiwezi, nikaokoa matuta mawili, nikaacha matatu. Labda ningemwita fundi anisaidie. Labda ningetoka kama mjinga nikafa. Yote hayo yalikuwa yangu. Uliyachukua ukiwa umesimama hapo nje, ukanidanganya kama mtoto anayepelekwa kuchomwa sindano."

Nilisema samahani. Lilitoka dogo.

"Na yako?" akauliza.

"Yangu nini?"

"Maharage yako. Uliyafunika?"

Kulikuwa na nzi kwenye kioo cha dirisha. Nilimtazama huyo nzi.

"Niliyafunika."

"Kwa nini hukuleta hayo mashuka hapa?"

Angegomba, ningejua la kufanya. Lakini aliuliza kama mtu anayetaka kujua tu, na nikagundua kwamba sina jibu ambalo naweza kulisema mbele ya mtu aliyenilea. Alilala akageukia ukuta.

"Nitakuja kukaa kwenu," alisema. "Sina cha kupeleka sokoni."

Jumamosi, 3 Agosti

Shangazi yuko chumba cha watoto. Yeye anamwita mke wangu "mwanangu", watoto "wajukuu zangu". Mimi haniiti. Akihitaji kitu kilicho karibu yangu anamwambia mtoto, na mtoto anakichukua mkononi mwangu.

Anakula kidogo, anaosha kijiko chake mwenyewe, anakirudisha mahali pake.

Jumanne, 6 Agosti

Kikohozi kimepungua. Analala amefunikwa vizuri, na chumba cha watoto kina joto. Nesi angefurahi. Nimejaribu na mimi kufurahi.

Jumapili, 11 Agosti

Ameondoka. Tulipoamka tulikuta kitanda kimetandikwa. Alikwenda kwa muuza miche akachukua miche ya nyanya, atalipa akivuna, akarudi kwake. Mke wangu alitaka nimfuate nikamrudishe. Nikasema hapana. Akaniuliza, "Humwonei huruma?" Nikamwambia huruma yangu Shangazi anaijua.

Jioni fundi cherehani alinisimamisha kwenye ua.

"Bibi kaniambia kuanzia sasa mimi ndiye wa kumwambia. Wewe unitumie ujumbe, mimi namgongea dirisha."

"Kwani mimi siwezi? Napita hapo hapo."

"Mimi nimetumwa tu, Redio. Usinipigie mimi kelele."

Sikuwa nimepiga kelele.

Jumatano, 14 Agosti

Nimesoma kipimo nikiwa hatua chache kutoka dirisha lake. Dirisha limefungwa. Kumi. Nimemtumia fundi kwamba leo halianguki.

Jumanne, 20 Agosti

Tatu, anga tupu, moshi umesimama. Pengine ndilo jalidi la mwisho la msimu. Nimetuma kwa wote. Kutoka kwenye nguzo nilimsikia fundi akigonga dirisha na kusema, "Bibi, Redio anasema leo hakika," na Shangazi akijibu, "Muulize mara mbili." Fundi akapaza sauti kuelekea kwangu, ingawa sote watatu tulikuwa tunasikiana vizuri. Nikapaza sauti kwamba ni kweli.

Nilipanda nyumbani. Mke wangu alikuwa kwa dada yake. Nikakusanya mashuka, mapazia, na magunia yaliyokuwa kwenye maharage, nikayafunga mzigo mmoja, nikashuka nao kabla giza halijaingia. Shangazi alikuwa tayari nje, ameinama, anatandaza lile shuka la maua.

Akasimama. Akautazama mzigo kwa muda.

"Maharage yako yamevaa nini?"

"Hayajavaa."

"Mkeo anajua?"

"Bado."

"Basi leo wewe ndiye utakayelala nje." Hakucheka, lakini alilisema. "Yaweke hapo."

Nikayaweka. Nikangoja aniambie nimsaidie, hakuniambia. Blanketi lake lilikuwa kwenye kiti mlangoni. Nilitaka kumwomba alirudishe kitandani, kwa kuwa sasa mashuka yangu yanatosha. Nilikuwa na hakika yanatosha, nilikuwa nimepima matuta kwa macho. Nikamwambia, "Usiku mwema, Shangazi," nikaondoka.

Jumatano, 21 Agosti

Maharage yangu yameungua yote. Mke wangu alisimama kwenye mlango akayatazama, akaniuliza mashuka yako wapi, nikamwambia. Akaingia ndani kuwasha moto. Hajasema kitu mpaka sasa, na sidhani atakalosema nitalipenda.

Nilishuka kusoma kipimo. Miche ya Shangazi ilikuwa imelala salama chini ya shuka lake la maua na mapazia yetu, tuta la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Kwenye la tano kulikuwa na blanketi la kahawia, limebanwa kwa mawe. Mzigo wangu ulikuwa haujatumika wote. Shuka letu moja lilikuwa limekunjwa vizuri juu ya kiti.

Nilitaka kuligusa hilo blanketi. Sikuligusa.

Dirisha likafunguka.

"Umekuja kuangalia kipimo au kuniangalia mimi?"

"Vyote viwili."

"Anza na kipimo."

Nikakisoma. "Usiku kilishuka mpaka mbili chini ya sifuri."

"Na miche?"

"Mizima yote."

"Hilo nilijua. Nilitaka kusikia kama utasema kweli."

Akafunga dirisha. Halafu akaanza kukohoa, kikohozi kirefu cha chini, nikasimama pale kwenye nguzo nikikisikiliza mpaka kikaisha.